Usianze na Boma: Namna ya Kuwatembeza Vijana wa Ngara Katika Historia ya Waingereza

Mwalimu wa historia wilayani Ngara akipanga ziara ya mafunzo kuhusu Waingereza, mawazo yake hukimbilia Biharamulo. Kule kuna boma la Mjerumani lenye kuta nene, ambalo Waingereza walilirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukitokea Benaco ni safari ya asubuhi moja. Vijana wanazunguka kuta, wanapiga picha ya pamoja, wanakunywa soda, wanarudi. Wiki mbili baadaye waulize Waingereza walifanya nini huku kwetu, watakujibu kwa maneno yaleyale ya kitabuni: walileta utawala usio wa moja kwa moja. Kilichobaki kichwani ni soda.

Boma halina kosa, ila si pa kuanzia. Jengo la kale humwambia kijana kwamba historia ni kitu kilichokwisha na kuwekewa uzio. Mimi ningeanza Rusumo, mpakani na Rwanda. Pale Waingereza hawakuacha ukuta hata mmoja, lakini kazi waliyoshiriki inaendelea mchana na usiku: foleni ya malori, maofisa wa uhamiaji, mama mwenye kapu la parachichi anayeulizwa kitambulisho. Kijana wa Benaco amekua akiyaona hayo na hajawahi kuambiwa kwamba yana mwaka wa kuzaliwa.

Ninayoandika hapa yanamfaa mwalimu wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lakini hata kiongozi wa vijana wa kanisani au msikitini, au mzazi mwenye watoto watatu na gari la kuazima, anaweza kuyafanya.

Tafuta wazee kabla ya kutafuta gari

Kazi ya kwanza haina nauli. Mtu aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 21 nchi ilipopata uhuru. Watu wa umri huo bado wapo vijijini, Rulenge, Kasulo, Murgwanza, Nyakahura, ingawa mwalimu anayesubiri mwaka kesho huenda akakuta turubai la msiba. Peleka wanafunzi watatu au wanne, si darasa zima. Wasalimie kwa lugha ya mwenyeji, Kihangaza au Kishubi, wakae, wapokee watakachopewa, na daftari lisitoke mfukoni mpaka mazungumzo yawe yamekolea. Kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai zitangulie mkononi. Hiyo ni heshima tu, na ukishaanza kutoa noti utaanza kusikia unachotaka kusikia.

Maswali ndiyo yanayoharibu ziara nyingi. Mwanafunzi akiuliza, "Babu, ukoloni ulikuwaje?" babu atatoa hotuba, kwa sababu naye amesikiliza redio kwa miaka sitini. Muulize mambo ya kushikika. Baba yako alipata wapi fedha ya kodi ya kichwa? Risiti ya kodi mliificha wapi nyumbani isilowe? Nani katika ukoo alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na alirudi na nini? Nani alikwenda Buganda?

Swali hilo la Buganda usiliache. Wakati wa Mwingereza, wanaume wengi wa Bugufi, huku Ngara, pamoja na wenzao wa Rwanda na Burundi, walitembea hadi Uganda kulima pamba na kahawa za wenyeji wa kule ili wapate fedha, na kodi ilikuwa moja ya sababu zilizowatoa kwao. Babu akianza kutaja alikolala njiani, mto aliovuka na mtu aliyemwibia blanketi, kijana ataelewa bila kufundishwa kwa nini serikali yenye Wazungu wachache kiasi kile iliweza kuwahamisha watu wengi kiasi kile. Cheti cha kodi kilifanya kazi ya bunduki.

Usimbane mzee kwa miaka. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya vita vya Hitler, kama mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa, kama barabara ilikuwapo. Mwaka mtautafuta wenyewe baadaye.

Rusumo, na swali lake

Kila kituo kiwe na swali moja, moja tu, liandikwe kwenye karatasi na kila mwanafunzi alijue kabla hajapanda gari. Walimu wetu wana tabia ya kugawa karatasi yenye maswali ishirini, na vijana wanaimaliza siku wakinakili majibu kwa mwenzao mwenye mwandiko mzuri. Swali la Rusumo liwe hili: nani aliamua kwamba nchi inaishia kwenye mto huu?

Waache wabahatishe. Watasema Mungu, Mjerumani, Nyerere. Kisha wape kisa, na ukitoe kwa utaratibu, kwa sababu hiki ndicho kiini cha ziara nzima.

Wajerumani walitawala pande zote mbili. Ofisa wao Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera hapa Mei 1894 akiingia Rwanda, na miaka kadhaa baadaye akawa gavana aliyepambana na Vita vya Maji Maji. Mto ulikuwa ukizitenga falme tangu zamani, lakini chini ya Wajerumani ulipita ndani ya koloni moja. Vita vya Kwanza vikavunja koloni hilo. Mei 1919, Lord Alfred Milner kwa niaba ya Uingereza na Pierre Orts kwa niaba ya Ubelgiji walikubaliana: Wabelgiji wabaki na Rwanda na Burundi, lakini kipande cha mashariki ya Rwanda kiitwacho Gisaka, ambacho ukisimama Rusumo unakitazama uso kwa uso, kiende kwa Mwingereza. Alikitakia nini? Reli. Waingereza walikuwa bado wanaota njia ya treni kutoka Cape hadi Cairo, na bonde la Kagera limejaa mafunjo na maji yaliyotuama, kwa hiyo walitaka ardhi kavu ya upande wa magharibi ili reli ipite.

Gisaka ikachukuliwa mwaka 1922. Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, akalalamika kwamba ufalme wake umekatwa mkono. Askofu Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika akalipigia kelele jambo hilo hadi likafika Ligi ya Mataifa. Mwishoni mwa 1923 Waingereza wakairudisha, na mpaka ukarudi mtoni. Reli haikujengwa. (Leo mipango ya reli kutoka Isaka kwenda Kigali inataja Rusumo. Mwanafunzi mjanja atakuuliza kama nayo itahitaji kipande cha mtu.)

Sasa wageuze vijana watazame kusini, walikotoka wengi wao. Bugufi ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa kifalme wa Burundi, na watu wake wanasema lugha ambayo Mrundi anaielewa bila mkalimani. Hiyo haikurudishwa kokote. Ilibaki Tanganyika, na ndiyo maana wao ni Watanzania. Kwa nini Rwanda ilirudishiwa kipande chake na Burundi haikurudishiwa? Usiwape jibu. Waache wabishane ndani ya gari.

Kuna zoezi la kamba ambalo halina gharama. Lifanyie kwenye uwanja wa shule au kwenye kilima kabla ya kushuka forodhani, maana chini kule malori yananguruma na hamtasikilizana. Tandaza kamba ya katani iwe mto. Gawa vikaratasi: wewe ni mchungaji ambaye malisho yake yako ng'ambo, wewe ni mke uliyeolewa kutoka upande wa pili, wewe ni mtoza kodi, wewe ni padri, wewe ni mwenye deni unayemkimbia mdai. Kila mmoja asimame mahali pake. Halafu tangaza mwaka 1922 na uisogeze kamba hatua ishirini kuelekea magharibi. Tangaza mwisho wa 1923, uirudishe. Kila mara muulize kila mmoja amepata nini na amepoteza nini. Mwenye deni ndiye atakayewachekesha, na ndiye atakayewaonyesha kwamba mpaka huwa una faida kwa mtu fulani.

Baada ya hapo ndipo uwape 1994, na uwape kwa sauti ya kawaida. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, wengi wao ndani ya takribani siku moja, na kambi ikazaliwa Benaco, mahali palipokuwa pakiitwa kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara. Walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo waliokimbia matendo ya mikono yao wenyewe. Serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa Desemba 1996. Kisha uliza: kama Gisaka ingebaki kwa Mwingereza, siku ile ya Aprili mpaka ungekuwa wapi, na nani angekuwa raia wa nchi gani? Hakuna jibu la kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini kijana aliyelitafakari swali hilo akiwa amesimama pale hatasema tena kwamba mikataba ya 1919 ni mambo ya Wazungu.

Angalizo. Darasani kwako huenda wamo watoto ambao familia zao ziliguswa na mwaka ule, kwa upande wowote ule. Usimuulize mtoto kabila lake mbele ya wenzake, na usiwaruhusu kuigiza mauaji hata kama wanakuahidi watakuwa makini. Zoezi la kamba linatosha.

Mambo ya kiofisi ya Rusumo yasikusumbue, ila yasipuuzwe. Mkuu wa shule aandike barua kupitia ofisa elimu wa halmashauri, na nakala ifike kwa uongozi wa kituo cha forodha siku kadhaa kabla. Wanafunzi wavae sare. Simu zikae mfukoni mpaka mruhusiwe: daraja, ofisi za mpakani na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaohudumia nchi tatu si vitu vya kupiga picha kiholela. Msivuke ng'ambo hata kwa mzaha bila hati za safari. Na hakuna kushuka majini. Mto ule una kasi ya kutisha, na maporomoko hayabembelezi mtu.

Pori nalo lisomeni

Kutoka Benaco kuelekea Nyakahura na Biharamulo gari litapita sehemu ndefu zenye miti na watu wachache. Vijana watalala hapo. Usiwaache. Wape kazi ya kuhesabu nyumba wanazoziona, kisha uwaulize kwa nini ni chache, wakati Ngara watu wanagombea mashamba ya migomba.

Kijana atajibu kwamba ni pori la asili. Sehemu kubwa ya jibu ni historia. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa ukanda huu wote, na njaa na maradhi vikafuata. Ng'ombe wakipungua na watu wakihama, vichaka vinarudi. Vichaka vikirudi, ndorobo anarudi, na malale yanakuja naye. Serikali ya Waingereza, katika kupambana na malale, iliwahamisha watu waliotawanyika sehemu hizi za Biharamulo na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, yaliyofyekwa vichaka. Palipohamwa wanyama wakaingia. Baadaye pakatengwa kuwa mapori ya akiba, na mwaka 2019 Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Hii ni hadithi nzuri ya kumfundisha kijana asiwe na haraka ya kulaumu. Mwingereza hakuleta sotoka huku, wala hakumuumba ndorobo. Wapo waliopona malale kwa sababu walihamishwa, na wapo walioacha makaburi ya baba zao ambayo leo yako ndani ya hifadhi. Yote mawili ni kweli. Mkitaka kuingia ndani kuona mahame yenyewe, tafuteni kibali na askari wa hifadhi. Vinginevyo simameni kijijini ambako mzee anaweza kuwaonyesha kwa kidole upande walikotoka. Mkiona jiwe la kusagia au kigae cha chungu, kichoreni, kipimeni, mkiache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya namna hiyo, na jiwe lililong'olewa mahali pake likawekwa kabatini shuleni halisemi kitu tena.

Biharamulo

Haya, boma sasa. Swali lake: watu wangapi walihitajika ili mmoja akae hapa?

Wagawe wanafunzi makundi. Kundi moja lipime urefu wa kuta kwa hatua na kuchora ramani. Jingine litafute lango linatazama wapi, na mtu aliyeitwa kwenye shauri alisubiri upande gani wa jua. La tatu lifanye hesabu ya kazi: jiwe moja lina uzito gani, lilitoka wapi, lilibebwa na kichwa cha nani, na aliyelibeba alikula nini siku hiyo. Hakuna mkokoteni kwenye hesabu hiyo. Kundi la tatu huwa linachelewa kumaliza, na ndilo linalostahili kusikilizwa kwanza.

Kisha eleza kwa ufupi. Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Biharamulo yakiwa njiani kwenda Tabora, ambayo waliiteka Septemba. Mwaka 1922 Tanganyika ikawa rasmi chini ya Uingereza kwa udhamini wa Ligi ya Mataifa. Gavana Donald Cameron, aliyeanza kazi 1925, akapitisha mwaka uliofuata sheria ya mamlaka za wenyeji, na machifu wakawa watoza kodi na mahakimu wa ngazi ya chini. Ndiyo maneno ya kitabuni, "utawala usio wa moja kwa moja". Sasa yana uzito, maana kijana amekwisha kusikia kwa babu nani alibisha hodi akidai kodi. Hakuwa Mzungu.

Kuuliza nani alibeba mawe si uchokozi wa Waafrika peke yao. Huko Uingereza kwenyewe kuna National Trust, shirika lililoanzishwa 1895 ambalo hutunza majumba ya kale na mashamba yake, na watoto wa shule hupelekwa huko kuvaa nguo za zamani na kukanda mkate wa zamani. Mwaka 2020 shirika hilo lilitoa ripoti iliyotaja majumba na maeneo yake 93 yenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Wapo Waingereza waliokasirika kwelikweli, wakisema wamekwenda kutazama maua. Ukiwasimulia vijana wako kisa hicho watacheka, na watajua kwamba swali lao linaulizwa hata kwa wenye majumba.

Mchezo wa hongo

Chini ya mti, baada ya chakula, ndipo mahali pa mchezo. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote.

Mwaka 1861 nchi ya Usui, ambayo leo ni maeneo ya Biharamulo, ilikuwa na mtawala aliyeitwa Suwarora. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika wakitafuta chanzo cha Nile. Walikuwa na wapagazi, bunduki, marobota ya nguo, shanga na waya wa shaba. Walikuwa pia na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafika India na kurudi, na ambaye bila ulimi wake wasingefika popote. Usui iliwazuia. Walidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, wakalipa, wakadaiwa nyingine, wakakaa. Speke hakupata hata kumwona Suwarora uso kwa uso.

Chagua Speke, Grant, Bombay, wajumbe watatu wa Suwarora, wapagazi wenye njaa, na wanakijiji wanaouza chakula kwa bei wanayoitaka. Suwarora akae mbali, mgongo ukiwa umegeuzwa, asiongee na mgeni moja kwa moja. Vipande vya vitenge na waya viwe vya kweli, vihesabiwe mbele ya watu. Speke na Grant hawaruhusiwi kusema Kiswahili wala lugha ya mwenyeji, kila neno lipite kwa Bombay. Wape dakika ishirini wapate ruhusa ya kupita. Speke atakasirika mapema sana, Bombay ataanza kutafsiri anavyotaka mwenyewe, na wapagazi watatishia kutoroka. Ndivyo misafara ilivyokuwa.

Vijana wengi huja na picha ya Mzungu anayeingia akiamuru. Mchezo huu unaigeuza: mwaka 1861, hapa, mwenye amri alikuwa mwenyeji, na mgeni alisubiri. Waulize basi, kati ya 1861 na 1926 kilibadilika nini?

Usiishie hapo, kwa sababu Speke ana sehemu ya pili. Novemba 1861 alifika Karagwe, mtawala wa huko Rumanyika akampokea kwa ukarimu, na Mwingereza akapendezwa hadi ziwa dogo lililokuwa karibu na ikulu akaliita Windermere Ndogo, kwa jina la ziwa la kwao. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 aliandika dhana yake kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi ni kizazi cha wageni waliotoka Ethiopia, walio bora kuliko wakulima waliowakuta. Hakuwa na ushahidi wa maana. Alitazama sura za watu na akatunga. Lakini wamisionari na watawala waliomfuata waliichukua dhana hiyo kama elimu, Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera akahutubia mkutano wa hadhara akizungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Miezi kumi na saba baadaye Kagera, unaopokea maji ya Nyabarongo, ulipitisha maiti chini ya daraja la Rusumo hadi Ziwa Victoria.

Sidai kwamba Speke aliua mtu mwaka 1994. Waliochochea na kuua wana majina yao, na mahakama zimeyasoma. Ila ukitafuta namna ya kumwonyesha kijana kwamba historia ya Uingereza si ya Uingereza peke yake, sijui mfano mwingine unaoufikia huu: mgeni aliyezuiliwa hapa kwa ajili ya waya na vitambaa aliondoka, akaandika kurasa chache, na kurasa zikarudi. Wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea wanaweza kulibeba hilo. Wadogo waishie kwenye hongo.

Kabla hujafika mbali, tazama Benaco

Siku ambayo fedha za gari hazipo, fanyeni ziara ya miguu hapohapo. Tafuteni mama au baba aliyekuwa akiuza kitu kambini 1994, aliyechota maji kwenye bwawa, aliyefanya kazi na mashirika. Oxfam walishughulikia maji, na shirika hilo ni la Kiingereza, lilianzia mjini Oxford mwaka 1942. Lilianzishwa na watu waliotaka chakula kiwafikie Wagiriki waliokuwa wakifa njaa wakati wa vita, na iliwalazimu kubishana na serikali yao wenyewe, kwa sababu Uingereza ndiyo iliyoweka kizuizi cha bahari. Kwa hiyo Waingereza waliofika Ngara si wa aina moja, na mwanafunzi apate nafasi ya kulisema hilo kwa mdomo wake.

Gharama, msimu, na kilichobaki

Nenda kati ya Juni na Agosti. Machi hadi Mei mvua itawafungia ndani ya gari, na zoezi la kamba halifanyiki kwenye tope. Usiunganishe Rusumo na Biharamulo siku moja, hata mwenye kosta akikupunguzia bei. Kwa watoto arobaini walimu watatu hawazidi, na mmoja wao awe mwanamke. Barua za ridhaa za wazazi zikusanywe wiki nzima kabla. Chakula kipikwe shuleni alfajiri, kibebwe kwenye ndoo zenye vifuniko, maana hoteli za njiani zinajua kupandisha bei zikiona sare.

Shule yenye uwezo inaweza kuongeza Bukoba, ambako Juni 22 na 23 mwaka 1915 Waingereza walitua kwa meli kutoka Kisumu, wakabomoa mtambo wa Wajerumani wa simu ya upepo, wakapora mji, wakaondoka. Mmoja wa maofisa wao alikuwa Frederick Selous, yule ambaye pori la akiba lilipewa jina lake. Yanayopaswa kuulizwa huko ni mengi, kuanzia na wenye maduka.

Mkirudi, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja, si insha ya ukoloni kwa jumla bali jibu la swali la kituo kimoja, na ataje nani alimwambia nini. Nyaraka za mzee, risiti ya kodi, kitabu cha Keya, medali, zipigwe picha mbele yake na zirudi mkononi mwake saa hiyohiyo. Kurasa zikishonwa pamoja, nakala moja ikae maktaba ya shule na nyingine ofisi ya kata. Ya tatu wale wanafunzi watatu au wanne waipeleke kwa mzee waliyeanza naye, wamsomee yote kwa sauti. Pale atakapokataa jambo, waandike pembeni alivyosema yeye na jina lake kama ameridhia, bila kufuta kilichoandikwa mwanzo.